Ukoko

Muuguzi Mkamburi alinipa karatasi ya mistari:
hamri moja, namba yake,
chapati, namba yake,
na nazi, namba ya kutisha kuliko deni la dukani.
Andika kila kipitacho mdomoni, akasema,
jioni ujumlishe.

Mimi hesabu niliiacha darasa la saba.
Karatasi nikaisokota, nikamfungia mtoto wa jirani mabuyu.

Ngazi za kwangu Kibokoni ni ishirini na tatu.
Hiyo naijua, maana kila moja hunitoza pumzi.
Ya kumi na moja nikaketi
kama mgeni angojaye kukaribishwa,
nikaitazama pete.

Siku nilipoingia eda walinivua bangili, wakanivua vipuli,
pete ikakataa.
Sabuni, mafuta ya nazi, uzi;
Bi Kauthar akavuta mpaka akalia yeye badala yangu.
Iacheni, wakasema, Mungu anaona kidole kilivyo.

Na hicho kilikuwa kidole cha mwanzo wa msiba.
Baadaye ndipo nikanona hasa.
Mashaallah, umenawiri! huniambia watu,
nami nacheka, nawakaribisha kahawa.

Sufuria ndiyo iliyoninenepesha.
Ile kubwa, ya masikio mawili:
kikombe cha Twalib,
kikombe cha Muhdhar aliyeko Doha,
kikombe cha Zulfa aliyeolewa Malindi,
changu.
Mkono haukupewa habari ya msiba.
Kila adhuhuri ukachota vinne, ukakuna nazi nzima,
nami peke yangu mkekani mbele ya sinia ya watu wanne.
Na chakula hakitupwi; mama alinifunza
hujui punje ipi ina baraka.
Nikala cha Muhdhar. Nikala cha Zulfa.
Cha Twalib nikakiweka mwisho,
na ukoko wake,
aliokuwa akiukwangua kwa mwiko, amesimama,
kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jumanne moja, sijui kwa nini Jumanne,
nilipanda kigoda nikaitundika sufuria msumarini,
nikaenda Marikiti.
Kisufuria hiki, muuzaji akauliza, cha mtoto kuchezea?
Cha mtu mmoja, nikasema.
Ndiyo mara ya kwanza mdomo wangu kulitamka.

Wali wa kwanza ulitoka uji. Wa pili ukaungua.
Nusu ya nazi ikachacha,
ya pili nikambishia hodi Bi Kauthar,
akanirudishia bakuli la mchicha.
Tangu hapo nazi yetu ina nyumba mbili.
Na jioni, saa ile niliyokuwa nikila tena
kwa kuwa nyumba imenyamaza,
tukawa tunateremka, twenda hadi Makadara na kurudi,
tukisengenya njia nzima,
na kusengenya, yakhe, kwataka pumzi.

Sikupanda mizani. Dera ndilo lililonena,
likaanza kunifuata nyuma badala ya kunitangulia.
Ngazi ya kumi na moja ikanipita siku moja, sikuitambua.

Umepungua kilo ngapi? Mkamburi akauliza.
Na karatasi iko wapi?
Watu watatu, nikamjibu.
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Kisha Ijumaa, naosha mchele,
ting! ndani ya kisufuria.
Nikadhani jiwe.
Nikalipapasa kwenye maji meupe, nilitupe,
kumbe lina tundu katikati.

Nikakaa sakafuni, mikono inachuruzika,
kidoleni mduara mweupe kama ngozi ya mtoto mchanga.
Hapo ndipo nikalia, kilio kilichopaswa kuliwa
mbele ya wale wanawake na sabuni yao.

Sonara anasema ataibana, kazi ya dakika tano.
Nimemwambia nitarudi.
Sijarudi. Iko ndani ya kopo la iliki.

Leo wali umeshika chini.
Nimeukwangua kwa mwiko, nimesimama.
Ulikuwa kipande kidogo,
mviringo, wa kahawia.